Mwanga wa Nyongeza si Mwanga Mbadala

Tumesoma kwa makini rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa taa za kukuzia nyanya katika vitalu nyumba vya Uholanzi. Mfasiri ameandika "mwanga mbadala". Hapa hatuafikiani naye: kibadala hushika nafasi ya kitu kilichoondolewa, ilhali taa hizo huongezea mwanga wa jua, ambao huko majira ya baridi huwa hafifu na wa saa chache. Twapendekeza "mwanga wa nyongeza".

Kosa zito zaidi ni kuupima mwanga huo kwa lumeni. Lumeni ni kipimo cha jicho la binadamu, lionalo vyema zaidi rangi ya kijani. Mmea hutumia chembe za mwanga, yaani fotoni, zenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700, nazo huhesabiwa kwa mikromoli. Afisa ugavi akifuata lumeni, taa ya diodi nyekundu na buluu ataiona dhaifu na kuikataa, kumbe kwa kila jouli ya umeme yaweza kutoa mikromoli 3 au zaidi, hali taa bora ya sodiamu hutoa 1.8 hivi. "Ubanaji wa umeme" nao (neno tunalolipokea shingo upande) hautoshi mpaka kitajwe kinachopatikana kwa umeme huo. Twaomba sura hiyo ifasiriwe upya kabla ya kuchapishwa.