Ukiona Vyaelea: Uhakiki wa Kigezo cha Uadimu katika Kamera za Majaribio za Kisovieti

Wakusanyaji wa kamera kongwe hutanguliza swali moja: zilitengenezwa ngapi? Jibu likiwa dogo, bei hupanda. Mwaka 2022, kamera ya Leica ya mfululizo wa majaribio, iliyokuwa mali ya mbunifu wake Oskar Barnack, iliuzwa mnadani nchini Ujerumani kwa zaidi ya euro milioni 14. Kigezo hicho hicho hutumiwa kuzipima kamera za majaribio za Umoja wa Kisovieti. Katika makala haya ninadai kwamba uadimu ni kigezo dhaifu, kwa kuwa hutuonyesha kilichosalia na kutuficha waliokiunda.

Kwanza tufafanue chombo chenyewe. Kamera ya kipimaumbali ina vidirisha viwili vilivyoachana kidogo. Mpiga picha akichungulia huona taswira mbili za kitu kimoja. Anapozungusha lenzi, taswira hizo husogeleana, na zinapolaliana barabara, picha itatoka ikiwa kali. Kazi hiyo hutegemea vioo vidogo na mkono wa chuma unaogusa nyuma ya lenzi. Kosa la sehemu ndogo ya milimita linatosha kuitia picha ukungu. Leica II, iliyotoka Ujerumani mwaka 1932, iliweka utaratibu huo wote katika kamera ya kutia mfukoni, na Wasovieti wakaazimia kuiunda yao.

Majaribio yalifanyika zaidi ya mahali pamoja. Leningrad ilitoa kamera iliyoitwa Pioneer, ambayo iliishia mia chache tu. Kharkiv, nchini Ukraine, kulikuwa na jumuiya ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1927 kwa ajili ya watoto waliokosa makao baada ya vita na njaa, chini ya mwalimu Anton Makarenko. Vijana hao walisoma na kufanya kazi kiwandani. Walitengeneza keekee za umeme kabla ya kugeukia kamera. Mwaka 1932 walikamilisha kamera tatu za kwanza, na mwaka 1934 uzalishaji wa FED ukashika kasi. Kabla ya vita kuuvuruga mwaka 1941, zaidi ya laki moja zilikuwa zimetoka.

Kwa kigezo cha mnada, Pioneer ni lulu na FED ni kitu cha kawaida. Sisi tunaosoma fasihi tunajua udhaifu wa hukumu ya namna hiyo. Muswada haupiti kitabu kwa ubora eti kwa sababu uko mmoja. Tunauthamini kwa kuwa unatuonyesha mwandishi alipofuta, alipositasita na alipoamua. Kamera ya majaribio nayo isomwe hivyo. Chukua FED za mwanzo: kila lenzi ilirekebishwa ilingane na mwili wa kamera yake, hivyo ukiihamishia kwenye kamera nyingine huenda isilenge sawasawa. Fundi wa viwango ataliita hilo kasoro. Mhakiki ataona humo alama ya mkono wa mtu, kama mwandiko, hata katika kamera isiyo adimu.

Wapo wanaosema FED ni nakala tu ya Leica, basi hakuna cha kusoma. Ni kweli umbo liliigwa. Lakini mwigaji aliyekuwa na kamera tu mkononi, bila michoro ya kiwanda cha Wajerumani, alilazimika kuvumbua upya njia ya kufika kule. Nakala ilirithi sura, haikurithi maarifa.

Watetezi wa mnada watasema pia kwamba bila bei kubwa vyombo hivi vingetupwa jalalani. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, bei hiyo hiyo imezaa ughushi. FED na Zorki nyingi zimekwanguliwa majina yao, zikapakwa rangi ya dhahabu na kuchorwa jina la Leica pamoja na nembo za Wanazi, ili ziuzwe kama kamera adimu. Kitu chenye historia ya kweli kimefutwa ili kivishwe ya uongo. Soko linalodai kuhifadhi historia ndilo lililolipia ufutaji huo.

Tahadhari moja inahitajika. Tusiwageuze vijana wa Kharkiv kuwa ngano tamu. FED ni herufi za kwanza za jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti, na jumuiya ilikuwa chini ya chombo hicho. Juu ya kamera nyingi za kabla ya vita kumechongwa jina lake na la chombo hicho. Jina la kijana aliyeirekebisha lenzi halimo. Mkusanyaji anayehesabu idadi tu anaurudia ukimya huo bila kujua.

Kwa kumalizia, ninapendekeza kwamba makavazi na orodha za minada zinapoeleza kamera hizi ziongeze mambo matatu kando ya idadi na bei: ilitengenezwa na nani, kwa zana gani, na nini kilibadilishwa kati ya jaribio moja na jingine. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kazi ya uhakiki ni kuuliza viliundwaje, na kwa jasho la nani.