Kutenga si Kuzima

Mfasiri auitaye mpini wa moto wa ndege "kizimamoto" anapotosha. Kihisi kinaponasa joto kali, kengele hulia. Rubani huvuta mpini, nao hukata mafuta na kuitenga injini. Dawa, aghalabu haloni, haitoki chupani mpaka atende tendo la pili: kuuzungusha mpini au kubonyeza kitufe, kwa kadiri ya ndege. Adhaniaye kuvuta kwatosha aweza kuuacha moto ukiwaka. Huko Karagwe, nchi iliyosifika tangu kale kwa uhunzi, kusimamisha mivukuto si kumwagia makaa maji. Twapendekeza "mpini wa kutenga injini" na "kufyatua dawa". Wasafiri wa Karagwe na Kyerwa hupandia ndege Bukoba. Istilahi sahihi ni sehemu ya usalama wao.