Kisu kwenye Sega la Madume

Mliokuwapo kwenye onyesho la kugawa kundi, mteremkoni Jali, mliona kazi safi kwa sehemu kubwa: moshi wa kiasi, fremu za mabuu zikagawanywa sawa, kila upande ukaachiwa asali yake. Kisha mwalimu akatoa kisu, akakata sega lote la madume lililofunikwa, akahamia mzinga wa pili, wa tatu, mpaka manzuki nzima ikaisha. Hapo aliharibu kila kitu.

Waliosogea karibu waliona sega likianguka nyasini, vifuniko vilivyovimba vikipasuka na pupa weupe wakimwagika, macho yao ndiyo kwanza yanageuka waridi. Rangi hiyo inataja umri. Dume wa hivyo ana siku 16 au 17 tangu yai litagwe. Hutoka chumbani siku ya 24 hivi, kisha anahitaji takriban siku 12 kukomaa. Yaani angekuwa tayari kupanda baada ya siku 20.

Sasa tazama upande uliobaki bila malkia. Vibarua huteua buu aliyeanguliwa karibuni na kumlisha maziwa ya nyuki mfululizo. Malkia bikira hutoka baada ya siku 12 hivi, hukaa wiki moja akipevuka, ndipo huruka kwenda kupandwa. Hesabu ni ileile: karibu siku 20. Madume waliomwagwa nyasini ndio waliokuwa wa rika lake.

Nimesikia utetezi kwamba wale walikuwa kaka zake. Kwa mzinga ule mmoja, ni kweli, na kaka hafai: sehemu ya mayai huzaa madume wenye kasoro ambao vibarua huwala wangali mabuu, sega likabaki na matundu. Lakini mizinga mingine ilikosa nini? Malkia hupandwa hewani, mbali na mzinga, na madume kama 12 hadi 20, kila mmoja akifa papo hapo. Mbegu anazohifadhi siku hizo ndizo za maisha yake yote. Angekuwa malkia wa nyuki wadogo wasiouma, ambaye kwa kawaida hutosheka na dume mmoja, ningenyamaza. Huyu akikosa kupandwa kwa wiki tatu au nne, ataanza kutaga madume watupu na kundi litakwisha.

Utetezi wa pili ni Varroa. Utitiri huo hupenda kweli vyumba vya madume, na Ulaya hukata masega hayo ili kuupunguza. Nimelisema hapa na nitalirudia: ratiba ya Ulaya haihamishwi nzimanzima kuja Kigali. Varroa ulibainika Kenya mwaka 2009, na nyuki wa Kiafrika wameuhimili vizuri kuliko wale wa Ulaya.

Na umuhimu wa dume si habari mpya: Anton Janša, aliyefundisha ufugaji nyuki Vienna kuanzia 1770, tayari alijua kwamba malkia hupandwa nje akiwa anaruka. François Huber, kipofu wa Geneva, akisaidiwa na mtumishi wake Burnens, alifungia malkia bikira pamoja na madume mzingani; wakabaki tasa. Walioachiwa kuruka walirudi na alama ya kupandwa. Alichapisha hayo mwaka 1792. Wazee wetu wa mizinga ya kufuma hawakumsoma Huber, lakini hawakumwita dume mlaji bure, na makundi yao yalijaa.

Anayedharau dume aitazame Brazili. Mwaka 1957 makundi 26 ya nyuki wenye asili ya Afrika yalitoroka Rio Claro baada ya vizuizi vya malkia kuondolewa milangoni. Madume wao walipanda malkia wa Kizungu hewani, kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1990 uzao wao ukafika Texas.

Mfugaji, ukigawa kundi msimu huu, acha sega la madume kwenye mizinga yako mingine, na mwombe jirani naye aliache, angalau mpaka uone mayai ya malkia mpya na vifuniko bapa vya vibarua.