Hongereni Wacheza Drafti wa Korogwe na Handeni
Hongereni wacheza drafti wa vijiweni Korogwe na Handeni. Kwa ubao wa kuchora na vizibo vya soda, mnaonyesha ufundi ambao watunzi wa mafumbo ya sataranji wanauheshimu mno: kufungua njia. Katika fumbo alilotunga Mwingereza Frank Healey kwa mashindano ya Bristol ya 1861, ngome inakimbilia kona ya mbali bila kushambulia chochote, ili malkia tu apate kupita nyuma yake na kumaliza kazi.

Kwenu njia hufunguliwa kwa kutoa kete. Kula ni lazima, basi mpinzani anakula, mstari unabaki mweupe, kingi anapita akifagia kete tatu. Huo ni utunzi hasa! Wazee, wafundisheni vijana. Halmashauri, waandalieni mashindano.