Tofauti Isiyoandikwa Kwenye Jedwali

Eldoret haina uhaba wa watu wa takwimu. Chuo Kikuu cha Moi kipo, na mpango wa AMPATH, ulioanza 2001 kupambana na Ukimwi, uko papo hapo mjini. Mimi huwatambua mahiri wao kwa namna wanavyolisoma jedwali la regresheni ya lojistiki.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mtaa wa Munyaka. Swali ni la ndiyo au la: je, nyumba hii huchemsha maji ya kunywa? Maji ni ya mfereji, ya kisima au ya mvua. Kundi la rejea ni la mvua, lenye nyumba chache. Jedwali linatoa 0.7 kwa mfereji na 1.2 kwa kisima, kosa sanifu la kila moja likiwa 0.4. Yote mawili yamelinganishwa na mvua. Kisima dhidi ya mfereji hakimo.

Mwenye haraka huona mipaka ya uhakika imeingiliana, akasema hakuna tofauti. Mahiri hutulia. Hutoa 0.7 kwenye 1.2, akapata 0.5 kwa kipimo cha logi: yaani uwiano wa wanaochemsha kwa wasiochemsha ni mkubwa mara 1.65 hivi kwenye visima. Kisha huuliza kosa la hiyo 0.5, na hapo ndipo utamu ulipo. Koefisienti zote mbili zimeegemea nyumba zilezile chache za mvua, kama kuta mbili zilizopimwa kutoka sakafu moja iliyotitia: vimo vyote vina kosa, lakini ukuta upi umezidi, na kwa kiasi gani, bado utajua. Basi huichungulia kovariansi, ambayo programu huihifadhi bila kuichapa. Tuseme ni 0.13. Hujumlisha miraba ya makosa sanifu mawili, 0.16 na 0.16, akaondoa 0.13 mara mbili, hubaki 0.06, ambayo kipeuo chake cha pili ni kama 0.245. Gawanya 0.5 kwa hiyo: 2.04, juu kidogo ya kizingiti cha kawaida cha 1.96. Bila kovariansi ingekuwa 0.88, na tofauti ingetupwa.

Angeweza pia kuufanya mfereji kuwa rejea na kuendesha modeli upya. Jibu ni lilelile. Nawapenda wanaofanya yote mawili.

Ila makundi matatu yana jozi tatu. Ukizipima zote ukisaka chochote, kizingiti cha Bonferroni hupanda hadi 2.39, na 2.04 yetu haifiki. Kwa hiyo, ndugu mtafiti, kama unachotaka kujua ni kisima na mfereji, liandike swali hilo kabla dodoso la kwanza halijatoka ofisini.