Uhakiki wa Usanifu wa Kikokotozi wa Viunzi vya Kikaboni vya Tabaka: Nafasi Yake katika Udhibiti wa Zebaki Mpanda, Mkoa wa Katavi

Viunzi vya kikaboni vya tabaka ni fuwele zilizojengwa kwa atomu nyepesi, hususani kaboni, haidrojeni, oksijeni, nitrojeni na boroni, zilizoungana kwa bondi kovalenti na kufanya wavu wenye matundu ya ukubwa uliopangwa. Vielelezo vya kwanza, COF-1 na COF-5, viliripotiwa mwaka 2005 na Adrien Côté, Omar Yaghi na wenzao. Nyavu hizo hulala moja juu ya nyingine mithili ya kurasa za kitabu, zikitenganishwa na takribani nanometa 0.34, matundu yakilingana, hufanya mifereji myembamba. Mbinu za kikokotozi humwezesha mtafiti kuchagua vijenzi, kupanga tabaka na kukadiria uwezo wa kunasa dutu fulani kabla ya kuingia maabara. Makala haya yanahakiki mbinu hizo kwa kigezo cha tatizo moja mahususi: zebaki inayotumika katika uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 na kuwa na makao makuu Mpanda, una historia ndefu ya madini. Risasi ilichimbwa Mukwamba wakati wa ukoloni, na reli ya tawi kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda kwa ajili hiyo. Katika uchimbaji mdogo wa dhahabu, mawe husagwa kwenye makarasha, unga huoshwa kwenye mialo na kuchanganywa na zebaki, kisha donge linalopatikana huchomwa ili dhahabu ibaki. Sehemu ya zebaki hupaa kama mvuke. Sehemu nyingine hubaki katika marudio, ambayo aghalabu huchenjuliwa tena kwa sianidi. Mto Katuma, unaolisha mbuga za Hifadhi ya Taifa ya Katavi, huelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutoa maji yake. Metali inayofika bondeni humo haina njia ya kutoka.

Ubora wa usanifu huu hauna budi kukiriwa kwanza. Mwaka 2017, Ning Huang na wenzake waliripoti kiunzi chenye matawi ya salfa ndani ya mifereji yake, kilichonasa miligramu 734 za zebaki kwa kila gramu moja ya kiunzi. Salfa na zebaki huvutana kwa nguvu, na mpangilio wa tabaka huiweka salfa mahali ambapo ayoni zinaweza kuifikia. Kukokotoa nishati ya mvutano huo kwa kutumia msongamano wa elektroni kunaeleza kwa nini kiunzi hunasa, jambo ambalo kipimo cha maabara pekee hakilielezi. Aidha, mikokotoo haihitaji kemikali ghali, na programu kadhaa za kazi hiyo hutolewa bure. Kwa vyuo vikuu vya Tanzania, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, udhaifu wa kwanza unahusu mpangilio wenyewe wa tabaka. Binit Lukose, Agnieszka Kuc na Thomas Heine walionesha mwaka 2011 kwamba tabaka zilizolingana kikamilifu si imara kama zile zilizosogea kidogo, kwa umbali unaokaribia urefu wa bondi moja ya kaboni. Msogeo huo hupunguza upana wa mfereji na kubadili mahali pa salfa. Kazi inayochukulia ulinganifu kamili bila kuuthibitisha hukadiria kiunzi ambacho huenda hakipo.

Udhaifu wa pili unahusu madhumuni. Mwaka 2018, Rocío Mercado na wenzake walijenga kwa kompyuta viunzi 69,840 na kuvipima kwa uwezo wa kuhifadhi methani. Hazina hiyo ni mchango mkubwa, lakini kiunzi bora kwa gesi kavu si lazima kifae majini. Viunzi vya mwanzo vyenye bondi za boroni na oksijeni huvunjwa na maji. Kinyume chake, Sharath Kandambeth na wenzake walionesha mwaka 2012 viunzi vinavyostahimili asidi kali na maji yanayochemka, kimojawapo kikistahimili pia besi kali. Maji ya sianidi ni ya kibesi. Kwa hiyo mchujo wowote unaoihusu Katavi ungepaswa kuanza na uthabiti, ndipo ufuate uwezo wa kunasa.

Udhaifu wa tatu ndio mzito zaidi. Mikokotoo mingi hutafuta mvutano kati ya salfa na ayoni tupu ya zebaki. Mazingira ya uchimbaji hayana zebaki ya namna hiyo pekee. Mvuke wa kuchomea ni atomu zisizo na chaji. Marudio yana matone madogo ya metali yaliyojificha katika tope. Na maji ya uchenjuaji yana zebaki iliyofungwa na sianidi. Sianidi huishika zebaki kwa nguvu kubwa. Swali sahihi, basi, si kama salfa huivuta zebaki, bali kama huweza kuinyang'anya kutoka kwa sianidi. Matokeo ya swali la kwanza hayajibu la pili. Vilevile, kiunzi kinapaswa kulinganishwa na kaboni amilifu, ambayo tayari hutumika katika uchenjuaji na ambayo hunasa zebaki pamoja na dhahabu.

Hoja hii inagusa pia sera. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi wa donge na uchenjuaji wa sianidi wa marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza. Kiunzi kilichosanifiwa kwa ajili ya maji ya sianidi pekee kingekuwa tiba ya tendo linalotakiwa kukoma. Nafasi yake halali ni kusafisha mabwawa ya marudio yaliyokwisha kuachwa, au kunasa mvuke pale ambapo chombo kilichofungwa cha kuchomea hakikuunasa wote.

Inahitimishwa kwamba usanifu wa kikokotozi una thamani kwa Katavi iwapo utageuza mpangilio wa hatua zake: sampuli za maji na marudio zitangulie, aina za zebaki zilizomo zibainishwe, kisha kompyuta ipewe swali linalotokana nazo. Bila hivyo, tarakimu kubwa za unasaji zitaendelea kupamba majedwali, huku zebaki ikibaki ndani ya tope la marudio.