Wasifu Nilioukosea

Katika mazishi mengi hapa kwetu Tanzania, kabla jeneza halijashushwa kaburini, husomwa wasifu wa marehemu. Vijijini, huenda hakuna maandishi ya Kiswahili yanayosikilizwa kwa utulivu zaidi ya hayo, lakini sijapata kumwona mtu akiyahakiki. Ndugu msomaji, mimi nitahakiki wasifu mmoja tu, nao niliuandika mwenyewe.

Ulikuwa wa mwalimu wangu wa shule ya msingi. Nilitaja mwaka aliozaliwa, chuo alichosomea ualimu na shule alizofundisha. Nilisema alishiriki Vita vya Kagera, kwamba alikuwa mwenyekiti wa kijiji kwa vipindi viwili, na kwamba ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Hapakuwa na uongo hata mstari mmoja. Baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole mjane wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema: "Umesoma vizuri, mwanangu. Lakini huyo uliyemsoma angeweza kuwa mtu yeyote."

Mama yule alisema kweli. Wasifu wetu umeiga faili la ajira: unahesabu vyeo na miaka, basi. Vita vizima nilivimaliza kwa maneno manne. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wetu mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kati ya tarehe hizo maelfu ya mgambo waliacha kazi zao wakaenda vitani, naye Mwalimu akiwa mmoja wao. Kilichonipasa kuandika ni kile tulichokiona aliporudi.

Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa mwembeni, ikigongwa kwa nondo. Ilipogongwa siku yake ya kwanza darasani, Mwalimu alijitupa sakafuni, chaki ingali mkononi. Hakuna mtoto aliyecheka. Kesho yake rimu ilishushwa, na tangu hapo tukawa tunaitwa kwa ngoma. Yeye hakueleza, nasi hatukuuliza.

Vitabu vya vita hivyo navyo havikunisaidia kumwandika. Baldwin Mzirai alikiita chake Kuzama kwa Idi Amin (1980). Henry Muhanika akatunga Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada (1981). Majina yenyewe yanaonyesha shabaha: kuanguka kwa adui. Sivilaumu, kwa maana taifa lilikuwa limetoka vitani na lilitaka kusikia habari za ushindi. Lakini habari za ushindi huishia Kampala, na Mwalimu alikuwa na safari ya kurudi nyumbani, kisha miaka mingi ya kusimama ubaoni.

Mfano bora ningeupata kwa Shaaban Robert. Katika Wasifu wa Siti Binti Saad hakuuficha umaskini wa Siti wala kazi yake ya kuuza vyungu. Ndiyo maana sifa za mwimbaji yule zinapokuja, msomaji anaziamini. Mimi niliogopa vyungu vya Mwalimu.

Nakiri kwamba niliogopa zaidi jambo jingine. Alipochaguliwa mwenyekiti aliendesha ujenzi wa madarasa kwa msaragambo, na asiyefika alitozwa faini. Mama yangu alikuwa akimuuguza bibi, akakosa siku mbili. Mbuzi wake alichukuliwa, akauzwa, na fedha zikanunua mabati. Mama alilia, nami nilimchukia Mwalimu mwaka mzima, huku nikisoma chini ya mabati yale yale. Bila madarasa yale nisingeweza leo kuandika ukurasa huu.

Nililiacha jambo hilo kwa sababu tumefunzwa kwamba marehemu hasemwi vibaya. Niliona ni adabu. Lakini mama alikuwapo msibani tangu usiku wa kwanza, akipika uji wa wafiwa. Alikuwa amemsamehe jirani yake zamani, tena bila kuambiwa na mtu. Nilipoufuta ukali wa Mwalimu, niliufuta na msamaha wa mama, na waliokuwa wakijua habari ile waliinamisha vichwa wakinisikiliza nikisoma vipindi viwili vya uenyekiti.

Wahenga walisema muungwana ni vitendo. Basi tusome vitendo, vile vizuri na vile vilivyotuumiza, maana waliokaa kaburini pale wanavijua vyote. Ningepewa karatasi ile tena ningeanza na rimu ya lori na kumalizia na mbuzi, tarehe zikae katikati. Na kabla ya kushika kalamu ningekwenda kuketi na mjane wake nimwulize mume wake alikuwa nani. Sikumwuliza. Niliomba faili tu, nikapewa.